Mazoezi makali: Usibebe chuma cha mwenzako

Ingia katika ukumbi wa mazoezi jijini Nairobi saa kumi na mbili na nusu jioni, watu wanapotoka kazini, na huenda ukakuta ubao ukutani ulioandikwa zoezi la siku. Raundi tatu: mara 21, kisha mara 15, kisha mara 9. Katika kila raundi unachuchumaa na chuma mabegani, unasimama na kukisukuma hadi juu ya kichwa. Ukikitua, unaning'inia kwenye mhimili na kujivuta hadi kidevu kiupite, mara zizo hizo. Yote hayo kwa kasi, saa ikihesabu.

Tuseme mbele ya ubao huo wamesimama watu watatu. Wa kwanza ni kijana anayecheza raga kila wikendi. Wa pili ni karani wa benki mwenye umri wa miaka 44, ambaye asubuhi amekaa saa moja u nusu katika matatu na mchana kutwa kitini. Wa tatu ni mama aliyejifungua miezi minne iliyopita. Ubao hauwajui. Umewaandikia wote kitu kimoja.

Zoezi hilo si la kubuni. Linaitwa Fran, nalo ni mojawapo ya mazoezi mashuhuri ya CrossFit, mtindo ulioasisiwa na Greg Glassman huko California, Marekani, mwaka 2000. Kipimo chake kamili ni chuma cha kilo 43 kwa wanaume na kilo 29 hivi kwa wanawake. Mwanamichezo aliyebobea hulimaliza chini ya dakika nne, na walio hodari zaidi chini ya tatu. Akimaliza huanguka sakafuni akitweta kama mbwa aliyemfukuza sungura.

Sasa mpe karani wetu chuma hicho hicho. Mara saba za kwanza atazimudu. Ya nane atakitua, ashike kiuno, atazame dari. Atainua mara mbili, atue tena. Kwenye mhimili atajivuta mara moja, asubiri nusu dakika, ajaribu nyingine. Akimaliza, ikiwa atamaliza, saa itasoma dakika 25, na wenzake watampigia makofi kwa kuwa amelifanya zoezi kama lilivyoandikwa.

Ukweli ni kwamba hakulifanya. Zoezi lililotungwa ili liubane moyo na mapafu bila kupumua kwa dakika nne limegeuka kuwa kazi ya kuinua mzigo na kupumzika, kupumzika na kuinua. Nambari ni zile zile lakini zoezi ni jingine kabisa. Ukitaka karani na mcheza raga wafanye zoezi moja, huna budi kuwapa nambari tofauti. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa kudhani kwamba kupunguziwa uzani ni kuhurumiwa.

Mwili hupata nguvu zake kwa njia tatu. Ya kwanza ni akiba ndogo iliyomo ndani ya misuli yenyewe, ambayo hutumika kwa sekunde kumi hivi, mathalani unaporukia basi linaloondoka. Ya pili ni kuchoma sukari ya misuli bila kungoja oksijeni. Hii ndiyo njia inayotawala katika jitihada kali ya dakika moja au mbili, na ndiyo inayoambatana na ule moto unaousikia mapajani. Ya tatu hutumia oksijeni na yaweza kuendelea kwa saa nyingi. Zote hufanya kazi kwa pamoja, ila uzani na kasi ndivyo huamua ipi ibebe mzigo mkubwa. Chuma kikiwa kizito mno kwako, utaitumia ile ya kwanza, utapumzika ijae, kisha utaitumia tena. Moyo uliokuja kuufundisha utakuwa umekaa pembeni kama mtazamaji.

Wakimbiaji wetu wa Iten wanalielewa jambo hili kuliko kumbi nyingi za mjini. Kwa miaka mingi, Alhamisi asubuhi, kundi kubwa la wakimbiaji limekuwa likikutana huko kwa zoezi la fatleki: dakika kadhaa za kasi, dakika za polepole, katika barabara za vumbi zenye kupanda na kushuka. Mwanariadha wa kimataifa na kijana aliyetoka shuleni juzi huanza pamoja. Lakini zoezi limepimwa kwa dakika, si kwa kilomita. Kundi hukatika vipande vipande, wa mbele wakatoweka nyuma ya kilima, na bado saa inapolia wote wamefanya kazi ya muda mmoja, kila mtu kwa pumzi zake. Hakuna anayemcheka aliye nyuma. Nyuma ndiko walikoanzia wengi wa hao walio mbele.

Hata Tabata, jina ambalo siku hizi hubandikwa kwa kila darasa la dakika nne, lilianza kwa kupima. Mwaka 1996 mtafiti Izumi Tabata wa Japani na wenzake walichapisha matokeo ya vijana waliokuwa wakiendesha baiskeli za maabara: sekunde 20 kwa nguvu zote, sekunde 10 za kupumzika, mara saba au nane. Sehemu hiyo imeenea dunia nzima. Iliyosahaulika ni kwamba ugumu wa pedali ulipangwa kwa kila kijana peke yake, kwenye asilimia 170 ya kiwango kinacholingana na upeo wake wa kutumia oksijeni. Hakuna aliyepewa pedali za mwenzake.

Wahenga wana methali juu ya anayemwiga tembo, ambayo ukurasa huu wa familia hauwezi kuichapa yote. Mara nyingi anayeiga jimuni hulipa kwa maumivu ya siku mbili tatu, akashuka ngazi kinyumenyume, na yakaisha. Lakini kuna deni kubwa kuliko hilo.

Misuli ikitumikishwa kupita kiasi, nyuzi zake huvunjika na kumwaga vilivyomo ndani kwenye damu, ikiwemo protini iitwayo mayoglobini. Protini hiyo ikizidi huziumiza figo na zaweza kukoma kufanya kazi. Mwaka 1941 madaktari wa London waliueleza ugonjwa wa namna hii kwa watu waliofukuliwa kutoka vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu. Walitolewa wakiwa hai, wakionekana wamenusurika, kisha baada ya siku chache figo zikawaua. Linalosikitisha ni kwamba mtu aweza kujifanyia jambo hilo mwenyewe, bila bomu.

Januari 2011, wachezaji 13 wa kandanda ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Iowa walilazwa hospitalini kwa ugonjwa huu. Walikuwa wametoka likizo, wakapewa zoezi la kuchuchumaa mara 100 na chuma chenye nusu ya uzani wa juu kabisa ambao kila mmoja angeweza kuinua, huku wakishindana na saa. Hawa hawakuwa makarani. Walikuwa vijana wenye miili ya chuma, na hata uzani ulikuwa umepimwa kwa kila mmoja. Kilichokosewa ni idadi, na wakati.

Kwa hiyo anayerudi mazoezini baada ya mapumziko yumo hatarini hata kuliko anayeanza. Mgeni huzidiwa na pumzi mapema, akaketi. Anayerudi bado ana pumzi na ana ukaidi, na kichwani anakumbuka alichokuwa akiinua mwezi wa Novemba, ilhali misuli imekwisha sahau. Ikiwa umekaa majuma mawili au matatu bila mazoezi, kwa safari, homa au sikukuu, siku ya kwanza fanya nusu ya ulichokuwa ukifanya, hata ukijisikia una nguvu za simba.

Dalili zake zijulikane nyumbani pia, kwa sababu mara nyingi huonekana baada ya siku moja au mbili. Maumivu huzidi yale uliyoyazoea, misuli huvimba, mikono hukataa kunyooka, na mkojo huwa na rangi ya chai isiyo na maziwa au ya soda nyeusi. Ukiona mkojo wa namna hiyo nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Usimeze ibuprofen wala diclofenac, kwani dawa hizo huziongezea figo mzigo. Mweleze daktari ni zoezi gani ulifanya na mara ngapi. Asipoambiwa aweza kudhani ni malaria au maambukizi ya njia ya mkojo.

Basi zoezi hupunguzwaje? Anza na uzani. Kipimo rahisi ni hiki: ukiwa hujachoka, uweze kumaliza raundi ya kwanza yote bila kutua chuma, au kwa kukitua mara moja tu. Ikiwa huwezi, ondoa sahani. Chuma kitupu cha kawaida kina kilo 20, na kwa wengi wetu chatosha kwa miezi ya mwanzo. Mpini wa ufagio pia hauna aibu.

Kisha utazame mwendo wenyewe. Pushapu zaweza kufanywa mikono ikiwa juu ya benchi au hata ukutani. Kadiri mikono inavyokuwa juu ndivyo zinavyokuwa rahisi. Nionavyo mimi, benchi ni bora kuliko kupiga magoti, kwa kuwa mwili mzima hubaki umenyooka kama utakavyokuwa siku utakaposhuka sakafuni. Asiyeweza kuchuchumaa hadi chini na aketie kiti halafu asimame. Badala ya kurukia sanduku, lipande kama ngazi. Kuhusu mhimili, shika pete au kamba miguu ikiwa chini, lala nyuma, ujivute. Wakufunzi wengine huwaambia wageni waruke hadi juu kisha wajishushe polepole. Mara tano hazina neno. Mara 45 ni hatari, kwa sababu ni kule kujishusha, misuli ikinyooka chini ya mzigo, ndiko kunakoichana zaidi. Wengi walioshindwa kunyoosha viwiko walianzia hapo.

Idadi nayo hupunguzwa: 21, 15 na 9 ziwe 12, 9 na 6. Na uweke mwisho wa saa. Kama zoezi ni la dakika nne kwa hodari, wewe ukifika dakika nane simama, popote ulipo.

Ili kujua kama umepima sawasawa hakuna haja ya mashine. Katika kazi ya wastani utaweza kuzungumza lakini hutaweza kuimba. Katika kazi kali utatoa maneno mawili matatu kisha uvute pumzi. Gunnar Borg wa Uswidi alitunga pia kipimo cha mtu kujipima mwenyewe kuanzia 0 hadi 10: siku kali iwe 7 au 8, na kumi uiache. Wanaohesabu mpigo wa moyo hutoa umri wao kwenye 220, lakini hesabu hiyo yaweza kupotoka kwa mipigo kumi au zaidi, na kwa wanaomeza dawa za presha kama atenolol haifai kabisa, kwani dawa huuzuia moyo usiende mbio.

Tukiwa kwenye presha: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi hawakuwa na habari. Kuinua chuma huku umeziba pumzi hulipandisha ghafla. Pimwa kabla ya kujiandikisha. Ni kazi ya dakika tano. Mwenye kisukari, mwenye maumivu ya kifua na mjamzito wazungumze na daktari kwanza. Kuna jingine lisilotajwa sana jimuni. Mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, lakini akisukumwa kupita kiasi, hasa penye joto, aweza kuanguka na hata kufa. Huko Marekani chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilianza mwaka 2010 kutaka wanamichezo wa daraja la kwanza wapimwe. Kwetu, ambapo urithi huo umeenea Nyanza, Magharibi na Pwani, ni vyema ujue hali yako na umwambie mkufunzi. Haikuzuii kufanya mazoezi. Inakutaka uongeze polepole, unywe maji na upumzike uonapo misuli inakaza.

Turudi kwenye ubao. Mcheza raga alifanye zoezi kama lilivyoandikwa, ikiwa hakukosa mazoezi wiki zilizopita. Karani apewe chuma kitupu, pete badala ya mhimili, na 12, 9, 6. Mama, akishakubaliwa na kliniki, achuchumae hadi kitini bila uzani, ajivute kwa pete akiwa amesimama karibu wima, na asiruke. Akivuja mkojo, kama inavyowapata wengi waliojifungua, apunguze na aseme kliniki, si jambo la kuvumilia kimya.

Wote watatu wamalize ndani ya dakika nne hadi nane, wakitweta. Kisha kila mmoja aandike kwenye daftari lake uzani, idadi na dakika. Karani akilirudia zoezi baada ya wiki mbili na kulimaliza kwa dakika tano bila kutua chuma, aongeze kilo mbili u nusu, au idadi, au apande kwenye mhimili. Kimoja kati ya vitatu hivyo, na vingine avisubirishe hadi mwezi ujao.