Mgeni Sokoni: Kununua Mahitaji ya Nyumbani Masasi na Newala

Tangu Daraja la Umoja lilipofunguliwa Mtambaswala mwaka 2010, mgeni tunayemkuta sokoni Masasi si daktari wa Ulaya au mtawa wa Ndanda peke yake. Wapo Wamakonde wa Mueda, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, wanaosikilizana vizuri na muuza mihogo wa Newala kwa kilugha, halafu wanakwama kwenye sado. Kijitabu hiki ni chao pia.

Uliza kipimo, ndipo uulize bei

Sado ni kopo la rangi la lita 4, na jina lake limetokana na rangi za Sadolin. Mbaazi, choroko, maharage na mahindi hupimwa kwa hilo. Sado tano ni debe moja. Ukiuliza “Bei gani?” tu, utajibiwa bei ya kopo ambalo hujaliona. Mwombe muuzaji alisogeze, ulitazame kitako: likibonyea kwa ndani, umeshapunjwa kabla punje ya kwanza haijaingia. Kwa anayeuza kwa mizani, tafuta stika ya Wakala wa Vipimo.

Nyanya, vitunguu na bamia huuzwa kwa mafungu, na fungu halina kilo. Nyanya tatu chini, moja juu. Ya juu ndiyo nzuri kuliko zote, kwa hiyo ziangalie za chini. Usianze na bei. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo, usubiri marahaba, kisha:

“Mama, fungu hili shilingi ngapi?”

Akikutajia, badala ya kuvutana naye, sema: “Basi niongezee kidogo, mama.” Kwenye fungu nyongeza hupatikana upesi kuliko punguzo, na kesho atakukumbuka.

Newala, wahi

Newala iko juu ya uwanda usio na mto. Maji hupandishwa kwa pampu, na shida yake ni ya miaka mingi. Mboga za majani hutegemea sana mabonde ya chini, kwa hiyo anayechelewa hukuta matembele yaliyonyauka. Ukiambiwa mzigo unafika saa mbili asubuhi, hiyo ni saa mbili ya Kiswahili, mbili tangu jua lichomoze. Wageni wengi huja saa sita kasoro, wakilalamika kuwa mboga zimenyauka. Njoo na kikapu: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Muhogo na korosho

Kabla ya kulipia muhogo, uliza: “Mtamu au mchungu?” Mtamu huchemshwa ukaliwa. Mchungu una sumu. Wenyeji huuloweka, kisha kuukausha vizuri, kabla ya kuusaga unga. Usijifunzie kwa kubahatisha, mwombe jirani akuoneshe. Ming'oko, mizizi ya porini, haina taabu hiyo: nunua iliyochemshwa, menya, kula.

Korosho ghafi, yaani zenye maganda, usinunue kijijini hata ukibembelezwa. Zao hilo huuzwa kupitia vyama vya ushirika kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na ununuzi wa pembeni, uitwao kangomba, ni kosa. Zilizobanguliwa na kukaangwa nunua upendavyo. Onja moja kwanza: ikikatika kwa mlio, funga mzigo, ikitafunika kama ubani, imeshika unyevu, mrudishie.