Mpaka wa Busia na Malaba: Waliouchora na Waliouridhia

Katika vijiji vya Osukuru, karibu na mji wa Tororo, watu wa Uganda na Kenya wana lugha, koo na masoko ya pamoja. Simulizi za kuzaliwa kwa nchi hizi mbili nazo ni nyingi, ila zingine hazisimami zikipimwa kwa tarehe.

Je, ni kweli mpaka wa Uganda na Kenya ulichorwa Berlin?

Hapana. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 uliweka kanuni za wakoloni kugawana bara. Haukugusa Busia wala Malaba, miji ya mpaka huo. Uingereza ilitangaza nchi lindwa ya Uganda mwaka 1894 na ya Afrika Mashariki mwaka 1895, na Uganda ya wakati huo ilifika hadi Naivasha. Kisumu ilikuwa ndani yake. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwishoni mwa 1901, ilikuwa ikipita katika tawala mbili. Ili yote iwe chini ya utawala mmoja, tarehe 1 Aprili 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa upande ambao leo ni Kenya. Mwaka 1926 amri ya Uingereza ikaueleza mpaka kwa kufuata mito, ikiwemo Sio na Malaba, kuelekea Mlima Elgon. Huo ulikuwa mstari wa kugawana kazi ndani ya milki moja.

Lakini si uligawa taifa moja la Wateso?

Uligawa ndugu, na maumivu hayo ni ya kweli: kuna Wateso Tororo na kuna Wateso Amukura na Amagoro, kama walivyo Wasamia pande zote mbili. Hata hivyo, ndugu ni jambo moja na dola ni jambo lingine. Wateso hawakuwa na mfalme mmoja wala serikali moja iliyokatwa vipande. Utawala wa kutoka juu uliletwa Bukedi, eneo lenye Tororo, na Semei Kakungulu, Mganda aliyeshirikiana na Waingereza, kuanzia mwaka 1899. Wananchi wa Bukedi walipofanya ghasia Januari 1960, walichokipinga ni makadirio ya kodi na ubabe wa machifu. Walidai serikali inayowasikiliza, na dai hilo ni sehemu ya kuzaliwa kwa Uganda sawa na mikutano ya London ya kujadili uhuru.

Nani basi aliyeugeuza mstari huo kuwa mpaka wa mataifa?

Viongozi wetu wenyewe, na hapa ndipo simulizi ya kuwalaumu wazungu peke yao inapopungua. Juni 1963 Obote wa Uganda, Nyerere wa Tanganyika na Kenyatta wa Kenya walitangaza Nairobi nia ya kuunda shirikisho la Afrika Mashariki. Shirikisho halikuundwa. Julai 1964, mjini Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaazimia kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Mstari wa reli ukawa mstari wa pasipoti.

Je, walikuwa na njia nyingine?

Hoja kwamba hawakuwa nayo ina uzito: kuibadili mipaka kungeweza kuwasha vita, na Februari 1976 ilitukumbusha hivyo. Idi Amin, Rais wa Uganda, alidai sehemu za magharibi ya Kenya akitumia historia ileile ya 1902, na nchi mbili jirani zikaingia katika mvutano mkali. Kwa hiyo sikatai hekima ya Cairo. Ninachokataa ni kudhani kwamba kuulinda mpaka kulilazimu kuufanya ukuta. Kulinda mstari na kuwasumbua wanaouvuka ni maamuzi mawili tofauti, na wa pili ulikuwa wetu.

Ukweli huu unatusaidia nini leo?

Kilichowekwa kwa uamuzi hupunguzwa kwa uamuzi. Februari 2018 marais wa Uganda na Kenya walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo msafiri husimama mara moja badala ya mara mbili. Hakuna mto uliohamishwa wala ramani iliyochanwa. Walimu wa Tororo na wa Busia, wafundisheni watoto mwaka 1902 pamoja na mwaka 1964, ili wajue sehemu ya wakoloni na sehemu yetu, kisha wawadai viongozi wao warekebishe sehemu iliyo yetu.