Wananuna nikitokea tu, nifanyeje?

"Nasimamia watu 18 kwenye meza ya minofu, kiwanda cha samaki hapa Mwanza. Mei Mosi mmoja alipewa cheti na godoro. Baada ya wiki mbili kazi ikarudi kuwa ya kukokota. Minofu ikiharibika nawakata hela, lakini hawajali. Sasa nikitokea tu, wananuna. Nifanyeje wachangamke?" — Msimamizi, Ilemela.

Godoro ni zawadi nzuri kwa aliyelipata. Wale 17 waliobaki walipiga makofi, wakarudi mezani.

Na meza yenyewe si mchezo. Mtu anasimama na buti za mpira tangu asubuhi, sakafu imelowa, vidole vimekufa ganzi kwa barafu, na kisu lazima kipite juu ya mfupa wa sangara bila kuacha nyama. Samaki wakichelewa kutoka mialoni, anakaa bure. Wakifika jioni, anaambiwa asiondoke. Je, saa hizo za jioni zinalipwa? Barua imekaa kimya hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na ziada hulipwa mara moja na nusu.

Kwenye makato ndiko msimamizi alikojikwaa. Sheria hiyo hiyo hairuhusu kumkata mfanyakazi kwa sababu bosi kakasirika. Hasara lazima iwe imetokana na kosa lake, aelezwe kwa maandishi chanzo na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Anayekatwa kienyeji hawezi kuchangamka, hata akipigiwa tarumbeta.

Wasukuma waliujua ufundi wa kuchangamsha watu kazini kabla ya viwanda. Bugobogobo, ngoma ya majembe ambayo leo wageni huitazama pale Bujora, Kisesa, ilianzia shambani: ngoma inalia, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na mtu anaona aibu kubaki nyuma ya wenzake. Mpiga ngoma hakukaa nyumbani kungoja ripoti.

Basi msimamizi naye avae buti. Ashike kisu hata nusu saa, aone kama kimenolewa. Awaeleze kwa nini mnofu mmoja mchafu ni hatari: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, na viwanda vya hapa vikayumba. Aliyefanya vizuri leo ashukuriwe leo, kwa jina, bila kungoja Mei.

Ila kwanza afungue daftari la makato na kurudisha kilichokatwa isivyo halali. Akikataa, watu wake wana haki ya kulipeleka suala hilo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ofisi yake ipo hapa hapa Mwanza.