Nyumba ya Mkristu Ndiyo Kanisa la Kwanza

Padri akifika kijijini, siku ile ni siku kubwa. Kengele ya kapela hulia mapema, akina mama hufagia uwanja, watoto huvaa nguo safi, na katekista hupanga wakatekumeni wake katika mistari. Watu huungama, Misa hutolewa, wagonjwa hupakwa mafuta matakatifu. Kisha padri hufunga sanduku lake, hupanda pikipiki, naye huenda kapela nyingine. Pengine haonekani tena kwa majuma mengi. Njia za Ituri ni mbaya wakati wa mvua, na wakati wa vita hufungwa kabisa.

Kila mchungaji wa roho anapoondoka hivyo hubeba swali moja moyoni: imani ya watu hawa inabaki wapi? Ikiwa inabaki ndani ya kapela, imefungiwa mlango pamoja na viti. Ikiwa inabaki katika daftari la katekista, ni majina tu. Lakini ikiwa imeingia nyumbani, pale penye moto, kitanda na jembe, padri aweza kwenda kwa amani, kwa maana Kanisa limebaki.

Somo hili linaeleza jambo hilo kwa mfano wa mtu aliyekuwa mkatekumeni, kama walivyo leo wakatekumeni wa Kpandroma. Jina lake ni Mtakatifu Mathias Mulumba wa Uganda. Nchi yake si mbali, kwani ng'ambo ya Ziwa Albert ni Uganda. Tena mapadri waliomfundisha walikuwa wa shirika la Mapadri Weupe, shirika lile lile lililohubiri Injili katika sehemu nyingi za Ituri.

1. Mtu aliyetafuta

Mathias alizaliwa Busoga, karibu mwaka 1836. Alipokuwa mtoto mdogo, Waganda walishambulia nchi yao wakamteka yeye pamoja na mama yake, naye akauzwa. Lakini mtu aliyemnunua hakumtendea kama mtumwa. Alimlea kama mtoto wa nyumba yake. Alipokuwa mtu mzima alipata cheo katika nchi ya Ssingo. Mulumba ni jina la cheo hicho, nacho kilikuwa kazi ya kumsaidia chifu kuamua mashauri.

Basi alikuwa na heshima, mali na wake wengi. Hata hivyo roho yake haikutulia. Alifuata Uislamu kwanza, kisha akasikiliza mafundisho ya Waprotestanti, na mwisho akafika kwa Mapadri Weupe, waliokuwa wameingia Buganda mwaka 1879. Mwaka 1880 alipokelewa kuwa mkatekumeni, na tarehe 28 Mei 1882, sikukuu ya Pentekoste, alibatizwa. Umri wake ulikuwa umepita miaka arobaini. Kwa hiyo asiseme mtu yeyote kwamba amechelewa.

2. Jambo la kwanza: wake zake

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango. Mtu aweza kuvaa msalaba shingoni, na watu wakamsifu njiani, lakini Mungu hutazama ndani ya nyumba. Mathias alijua kwamba hawezi kubatizwa akiwa na wake wengi, kwa sababu Kristu alirudisha ndoa katika mwanzo wake: mume mmoja na mke mmoja. Akabaki na mke mmoja. Lakini wale wengine hakuwafukuza mikono mitupu. Aliwapatia mahitaji ya maisha yao.

Hapa wakatekumeni wafikiri sana. Mfano: mkulima mmoja ana wake wawili. Anasikia mafundisho, anataka ubatizo, na Dominika moja anarudi nyumbani na kumwambia mmoja wao, «Chukua vitu vyako, mimi sasa ni mtu wa Mungu.» Mwanamke huyo amemlimia shamba miaka kumi, amemzalia watoto watatu, na nyumbani kwa wazazi wake hakuna tena aliye hai. Je, mkulima huyo ametii sheria ya Mungu? Ametii nusu moja, na nusu nyingine ameivunja. Mke si mzigo wa kutua njiani.

Sheria ya Kanisa yenyewe inasema wazi. Mtu aliyekuwa na wake wengi kabla ya ubatizo, ikiwa ni vigumu kwake kubaki na mke wa kwanza, aweza kubaki na mmoja wa wale wengine, naye afunge ndoa halali. Lakini askofu hana budi kuangalia kwamba yule wa kwanza na wengine walioachwa wanapata mahitaji yao, kadiri ya haki na mapendo. Kwa hiyo mwenye shida ya namna hii asikate shauri peke yake usiku mmoja. Aende kwa katekista, na katekista ampeleke kwa padri. Shamba la kula, nyumba ya kulala, karo ya watoto: mambo hayo yaamuliwe kwanza, na wanawake wenyewe wasikilizwe.

Wakatekumeni wengine hunung'unika kwamba mafundisho ni marefu mno. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, ndiye aliyeagiza kwamba watu wafundishwe miaka minne kabla ya ubatizo. Sababu ni hii: kujifunza sala kwa moyo huchukua miezi michache, lakini kutengeneza nyumba huchukua miaka.

3. Jambo la pili: kazi za mikono yake

Mtu wa cheo katika nchi ile hakubeba mzigo wala hakulima. Kazi hizo ziliachiwa wanawake na watumwa. Mathias, baada ya kubatizwa, alijitwika mizigo yake mwenyewe kichwani na kufanya kazi kwa mikono yake. Watu walishangaa. Lakini yeye aliona kwamba Mwana wa Mungu alikuwa fundi wa mbao katika Nazareti, na kwamba aliwaosha miguu wafuasi wake.

Katika milima ya Kpandroma pia mara nyingi huonekana mwanamke anayetoka sokoni na kapu la viazi kichwani, mtoto mgongoni na kuni mkononi, na mume anatembea mbele na fimbo tu. Mume huyo asifikiri kwamba imani haina neno juu ya kapu lile.

4. Jambo la tatu: miaka bila padri

Mwezi wa Novemba 1882, miezi michache tu baada ya ubatizo wa Mathias, mapadri walilazimika kuondoka Buganda. Walivuka ziwa wakakaa kusini, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hawakurudi mpaka Julai 1885. Karibu miaka mitatu Wakristu wale hawakuwa na Misa, wala maungamo, wala mtu wa kuwaongoza isipokuwa wao wenyewe.

Je, imani ilikufa? Haikufa, bali ilikua. Mapadri waliporudi walikuta watu wengi kuliko wale waliowaacha. Sababu ilikuwa nyumba. Kule Mityana, katika Ssingo, Mathias pamoja na rafiki zake Luka Banabakintu na Noe Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu, walikusanya jirani, wakasali nao na kuwafundisha yale waliyofundishwa. Mapadri waliporudi, Wakristu wa Mityana walikuwa na safari ya kilometa karibu 70 mpaka misioni. Wote hawakuweza kwenda kila Dominika, basi waliokwenda waliwaletea wenzao mafundisho waliyoyasikia.

Hivi ndivyo ilivyokuwa tangu zamani za mitume. Mtakatifu Paulo katika barua zake anasalimu Kanisa lililokusanyika nyumbani mwa Akila na Priska, mtu na mkewe, washonaji wa mahema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwezi wa Novemba 1964, uliita jamaa ya Kikristu kanisa la nyumbani. Na maaskofu wa Kongo walikuwa wamekwisha kuamua mwaka 1961 kwamba Kanisa katika nchi hii lijengwe juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, za jirani wanaosali na kusaidiana.

5. Jambo la nne: maneno yasemwayo penye moto

Vita vya Ituri vya miaka 1999 hadi 2003 viliua watu maelfu mengi. Tangu mwisho wa mwaka 2017 mauaji yalirudi katika teritori ya Djugu. Vijiji vilichomwa, watu wakakimbilia kambi, wengine wakavuka ziwa kwenda Uganda. Walendu walilia, Wahema walilia, na makabila mengine pamoja nao. Mambo hayo kila msomaji anayajua, na wengine wamezika watu wao.

Lakini chuki haianzi na panga. Huanza na maneno ya jioni, baba anapowaambia watoto, «Watu wa kabila lile ni nyoka.» Mtoto anakula ugali wake na kumeza neno lile pamoja nao. Kesho yake anasoma Baba Yetu kwa katekista, naye hajui kwamba sala ile na lile neno la jana haviwezi kukaa katika moyo mmoja. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mathias alikuwa na sababu ya kuchukia. Waganda walimteka, wakamtoa katika nchi ya baba zake, wakamwuza. Naye akawapa Waganda hao hao kitu bora alichokuwa nacho, yaani imani yake. Mtu asiseme kwamba kusamehe ni kusahau wafu, wala kwamba mwuaji asishtakiwe. Haki na ifuate njia yake. Kusamehe ni kukataa kuwarithisha watoto kisasi. Mtu aliyeuawa ndugu yake hawezi kufanya hivyo kwa nguvu zake mwenyewe. Kwa hiyo aombe, na kama bado hawezi kusamehe, aombe apewe kutaka kusamehe. Mungu hudharau mwanzo wa mtu yeyote? Hasha.

6. Mwisho wake

Kabaka Mwanga alianza kuwaua Wakristu. Mathias alikamatwa, na tarehe 27 Mei 1886, mahali paitwapo leo Old Kampala, walimkata mikono na miguu wakamwacha peke yake. Inaaminiwa kwamba alikufa tarehe 30 Mei. Kesho yake Noe Mawaggali aliuawa kule Mityana. Luka Banabakintu alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni, pamoja na Karoli Lwanga na wenzake.

Noe alikuwa na dada, jina lake Munaku, ambaye alikuwa bado mkatekumeni. Kaka yake alipouawa, yeye hakukimbia. Alijitoa mwenyewe kwa askari. Hawakumwua, bali walimfunga na kumshurutisha aiache dini. Akakataa. Baadaye mapadri walimkomboa, naye akabatizwa. Msichana huyo hakuwa na padri karibu naye saa ile. Alikuwa na yale aliyoyaona na kuyasikia nyumbani mwa kaka yake, nayo yalimtosha.

Papa Paulo VI alimwandika Mathias pamoja na wenzake 21 katika hesabu ya watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Maswali na majibu

Kwa nini jamaa ya Kikristu huitwa kanisa la nyumbani?
Kwa sababu ndani yake Mungu huombwa, watoto hufundishwa imani, na watu hupendana na kusameheana.

Mwenye wake wengi afanye nini kabla ya ubatizo?
Aende kwa katekista na padri, abaki na mke mmoja kadiri ya sheria ya Kanisa, na awatendee haki wale wengine pamoja na watoto wao.

Padri asipofika kwa muda mrefu, Wakristu wafanye nini?
Wakusanyike kila Dominika pamoja na katekista, wasali, wasikilize Neno la Mungu, watembelee wagonjwa na kuwafundisha watoto.

Baba na mama hufundisha imani namna gani?
Kwa sala, kwa maneno, na zaidi kwa matendo ambayo watoto wanayaona kila siku.

Mkatekumeni ambaye moyo wake bado una chuki, aache mafundisho?
Asiache. Aseme ukweli mbele ya Mungu, aombe neema ya kusamehe, wala asiwape watoto wake chuki hiyo.

Makusudi ya juma hili

Kila jioni, kabla ya kulala, watu wa nyumba wakae pamoja penye moto. Wasali Baba Yetu na Salamu Maria, hata kama mmoja wao hajaanza mafundisho. Baba aombe radhi kwa mama na watoto ikiwa amewakosea siku hiyo, na mama vilevile. Tena wamtaje kwa jina mtu mmoja wa kabila jingine na kumwombea mema. Mwenye shida katika ndoa yake amwone katekista kabla ya Dominika.

Hivyo padri atakapofika tena Kpandroma na kapela zake, hatakuja kuliwasha Kanisa lililozimika. Atalikuta linawaka katika nyumba.

Mtakatifu Mathias Mulumba, utuombee.