Mfarishi wa viraka vya kanga

Swali: Nilishona mfarishi wa viraka vya kanga na vitenge. Ulipofuliwa ukajikunja, na nyekundu ikachuja ikachafua nyeupe. Tatizo nini? — Msomaji, Bububu

Jibu: Tatizo lilianza kabla ya cherehani, dada. Kanga mpya ina dondo na rangi ya ziada: ifue peke yake mpaka maji yabaki safi, ipige pasi, ndipo ukate. Kisha kanga ni nyepesi kuliko kitenge. Vikishonwa pamoja, kimoja huvuta kingine. Mimi ningetumia kanga tupu, mji ukae katikati, pindo lizunguke ukingoni. Ndani usijaze pamba. Kwa joto la Unguja, nani atajifunika? Shuka kuukuu linatosha. Bana tabaka zote tatu (viraka, shuka na kitambaa cha chini) kwa pini, ushone kuanzia katikati kwenda pembeni. Vitenge vyako viweke vya foronya.