MBOLEA YA MAHINDI KATIKA MPUNGA
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Hapa kwetu Siongiroi hatulimi mpunga. Sisi ni watu wa ng'ombe na mahindi, na ukipanda juu kuelekea Kericho ndio unakuta majani chai. Wali wengi wetu twaujua siku ya Krismasi. Hata hivyo nimeonelea niandike juu ya mpunga, maana mwaka jana nusura uvunje udugu nyumbani kwetu.

Shangazi yangu ameolewa Ahero, kule uwanda wa Kano. Ukiteremka kutoka Kericho na kupita Awasi utayaona mashamba yenyewe. Mradi huo wa unyunyizaji ulianza mwaka wa 1969, na maji yake huvutwa kwa pampu kutoka mto Nyando, ambao chanzo chake ni nyanda za juu za Nandi na Kericho. Basi shangazi alipokuja kutusalimu, baba akampa gunia moja la CAN lililobaki baada ya kutilia mahindi. Akarudi nalo kwa matatu, akalinyunyiza lote shambani, maji yakiwa yamejaa na bado yanapita. Mpunga ukabaki manjano, wa jirani ukawa kijani. Shangazi akatuma neno kwamba amepewa mbolea bandia. Baba naye akasema, bandia vipi na mahindi yetu yametoka kwa mbolea hiyo hiyo? Wakanyamaziana miezi mitatu.

Nilimpelekea mwalimu wetu wa Kilimo swali hili. Alicheka, kisha akachora ubaoni.

Gunia la CAN la kilo 50 lina naitrojeni kama kilo 13. Nusu yake iko katika hali ya amonia na nusu nyingine ni naitreti. Katika shamba la mahindi, ambalo udongo wake unapumua, zote mbili huliwa na mmea. Lakini udongo uliofunikwa na maji hauna hewa. Bakteria walio ndani ya matope wanahitaji oksijeni, na wasipoipata huinyang'anya naitreti. Kinachobaki ni gesi, nayo hupanda juu ikapotea. Naitreti nyingine huchukuliwa na maji yanayotiririka. Kwa hiyo karibu kilo sita na nusu za gunia la baba hazikuwa na kazi pale. Mbolea haikuwa bandia, ilikwenda mahali pasipoifaa.

Ndiyo sababu wakulima wa mpunga hupendelea SA au yurea. Amonia hushikwa na udongo mzito wa mfinyanzi, haiondoki upesi. SA ina naitrojeni asilimia 21, yurea asilimia 46, kwa hiyo gunia la yurea hubeba zaidi ya mara mbili. Lakini yurea nayo ina ujanja wake: ukiirusha juu ya maji mengi wakati wa jua, sehemu hugeuka hewa ya amonia na kuruka. Dawa ni kupunguza maji kwanza mpaka matope yaonekane, kutia mbolea, kisha kurudisha maji polepole ili yaishushe chini, na kufunga mfereji siku chache. Mtu asiyejua maji yako wapi asifungue gunia.

Hapo nikauliza, je, lazima mpunga uishi majini siku zote? La. Padre Mfaransa, Henri de Laulanié, alionyesha huko Madagaska miaka ya 1980 kwamba miche michanga, ikipandwa mmoja mmoja na kwa nafasi, hutoa machipukizi mengi hata shamba likikaushwa mara kwa mara. Mwaka wa 2009 Profesa Bancy Mati wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta aliuanzisha mtindo huo Mwea. Mkulima huweza kuzika bomba lenye matundu shambani, akachungulia: maji yakishuka sentimita 15 chini ya udongo, anafungulia tena. Wakati wa kutoa maua tu ndio asithubutu kukausha. Kwa mtu wa Ahero hili si dogo, kwani pampu hula stima na stima hulipiwa. Ubaya wake ni magugu. Maji yakipungua magugu hushangilia, na palizi huongezeka, kazi ambayo mara nyingi huwaangukia akina mama.

Mtindo huo pia hupenda samadi iliyooza vizuri, na hiyo, ndugu zangu, Siongiroi tunayo ya kumwaga.

Likizo ya Agosti nilimwandikia shangazi barua ya kurasa nne, pamoja na ule mchoro wa ubaoni. Alipiga simu, akaomba azungumze na baba. Sikusikia walichosema, ila baba alitoka nje akitabasamu. Msimu huu amemwahidi gunia la SA. Shangazi anasema samadi pia anaitaka, lakini nani atalipa matatu?