Somo: Adui katika hadithi za vita



Katika somo hili tunatazama namna waandishi wanavyomwonyesha adui pale wananchi wa nchi moja wanapopigana. Mfano wetu ni Korea. Nchi hiyo iligawanywa sehemu mbili mwaka 1945. Vita vilianza tarehe 25 Juni 1950, vikasimamishwa tarehe 27 Julai 1953.

Upande wa kaskazini, Han Sorya alitoa mwaka 1951 hadithi iitwayo Mbweha. Humo wamisionari Wamarekani wanamwua mtoto Mkorea. Adui amepewa jina la mnyama, wala hana wema hata kidogo. Hadithi ya namna hiyo inamfundisha msomaji kuchukia tu.

Hwang Sun-won aliandika kwa njia nyingine. Yeye alizaliwa kaskazini, akahamia kusini mwaka 1946. Alijua maana ya kuacha kwao. Mwaka 1953 alitoa hadithi fupi ya ndege korongo. Songsam, askari wa upande wa kusini, anampeleka mfungwa Tokchae, aliyekuwa kiongozi katika chama cha wakulima wakomunisti. Kumbe ni rafiki yake wa utotoni. Kwanza Songsam anamwuliza kwa hasira ameua watu wangapi. Baadaye anamwuliza kwa nini hakukimbia. Tokchae anajibu kwamba baba yake alikuwa mgonjwa kitandani, na mkulima haachi shamba lake. Songsam anakumbuka kwamba baba yake mwenyewe pia alikataa kuacha shamba. Wanapofika penye korongo, anamfungua kamba, eti wakatege ndege kama zamani. Tokchae anaelewa, anaingia majanini.

Tunajifunza nini? Neno "adui" linaficha jina la mtu, jamaa yake na sababu zake. Swali la kweli linavifunua. Hata kwetu, waliokimbia huwashuku waliobaki, nao waliobaki huwashuku wanaorudi. Hatusemi makosa yasahauliwe. Aliyeua ajibu mbele ya sheria. Lakini kubaki si kosa, na kukimbia si usaliti.

Maswali ya kuzungumza pamoja:

1. Katika nyimbo na hadithi za watoto wetu, jirani wa kabila lingine anaitwaje?
2. Je, tumewahi kumwuliza aliyebaki sababu iliyomfanya abaki?
3. Viongozi, ni maneno gani tutayakataza katika mikutano yetu?